Nimechaguliwa kusoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu ila nyumbani wanasita, waliosoma naomba ukweli

binti_wa_wete

Assalam aleykum wote. Mie ni msichana wa Wete, nimemaliza fomu siksi mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na alhamdulillah matokeo yametoka mazuri, Kiingereza ndo kimenibeba zaidi. Kwenye udahili nimechaguliwa sehemu mbili, moja Dar nikasome fasihi ya Kiingereza, nyengine Unguja ualimu wa lugha, na mnajua mambo ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja inabidi uthibitishe chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa, kwa hio sina muda wa kuzungushana.

Moyo wangu uko kwenye fasihi, sifichi. Skuli tulipokuwa tunasoma tamthilia na riwaya wenzangu walikuwa wanataka muhtasari wa kufanyia mtihani basi, mie nlikuwa nataka kujua kwa nini mwandishi kamnyamazisha mtu huyu hapa na kamsemesha yule pale. Sasa nyumbani ndo kuna kazi. Baba hakukataa, ila kaniuliza swali moja tu, "ukishavisoma hivyo vitabu, halafu?", na mpaka leo sijampa jibu la maana. Ami yangu yeye kasema wazi pesa za karafuu haziendi kwenye hadithi za Wazungu, kama sitaki ualimu bora nikasome hata uhasibu. Mama ana wasiwasi wake mwengine, ntausema baadae.

Na mie mwenyewe nina khofu yangu. Nilipakua Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwenye simu nijipime. Wale wachawi watatu wa mwanzo nimewaelewa, lakini anapokuja yule askari mwenye majeraha kumpa mfalme khabari za vita, sentensi inaanza haishi, nikarudia na kurudia naona majina na damu na mapanga tu. Nikajiuliza huko vitabu vinapishana wiki kwa wiki, mtoto aliyesoma skuli za serikali Pemba atafika kweli?

Naomba waliosoma fasihi, waliofundisha, hata walioanza wakaacha, nambieni. Kinasomwa nini khasa? Anayetoka huku kwetu anaanza nyuma ya wenzake? Na baba nimjibu nini?

---

maalim_wa_mwera

Waaleykumu salam mwanangu, hongera kwa matokeo. Mie nasomesha Kiingereza sekondari hapa Unguja miaka mingi sasa, na acha nianze na huyo askari wako maana naona hapo ndo pamekuvunja moyo.

Ile sehemu ni ngumu kwa kila mtu. Hata Muingereza wa leo akiufungua ukurasa ule bila ya matayarisho anagugumia, Shakespeare kafariki 1616 na lugha imehama tokea hapo, na tena hakuandika ili mtu akae na simu asome kimya kimya, kaandika waigizaji waseme kwa sauti mbele ya watu waliosimama. Kwa hio jua kisa chote mwanzo, usione kuwa ni udanganyifu, halafu tafuta rikodi ya waigizaji usikilize huku unafuata maandishi kwa kidole. Na ukikwama kwenye sentensi ndefu usihangaike na maneno magumu kwanza, tafuta nani anafanya na anafanya nini. Yule askari anamsifu Macbeth, basi lishike jina la Macbeth halafu ruka mbele mpaka ukikute kitendo chake, kiko mbali kidogo, utamkuta anachonga njia katikati ya maadui mpaka anasimama uso kwa uso na yule muasi. Yote ya katikati ni sifa za ushujaa na upanga unaofuka damu, unarudi kuyachukua moja moja. Na kule kuchelewa kwa kitendo usidhani ni bahati mbaya, mtu anavuja damu, pumzi zinamwishia, na bado anataka mfalme asubiri kusikia mwisho wake. Ukishaliona hilo ushaanza kusoma fasihi, chuoni hawafanyi jambo jengine zaidi ya hilo, wanalifanya kwa undani tu.

Hili la kuanza nyuma sikubaliani nalo hata kidogo. Wewe umekulia kwenye tenzi na kaswida. Unajua shairi letu la kawaida kila mshororo una mizani 16, 8 na 8, vina vya kati na vya mwisho, na utenzi kila kipande mizani 8 na kile kina cha mwisho kinakwenda nacho mpaka mwisho wa utenzi mzima. Sasa chukua soneti ya 18 ya Shakespeare, soneti ni shairi lao fupi, mstari wa mwanzo, "Shall I compare thee to a summer's day?", hesabu kwa vidole. Ni mizani 10. Mistari yote 14, vina vinapishana pishana mpaka ile miwili ya mwisho inakamatana. Tofauti ni kwamba Kiingereza hakitosheki na idadi, kinataka na mapigo, silabi nyepesi halafu nzito, mara 5 kila mstari. Mwanafunzi ambae sikio lake halijawahi kupimishwa mizani unamweleza jambo hili mpaka unachoka, wale walioghani toka wadogo nikigonga meza tu wanalipata.

Kabla hujairudia Macbeth tafuta Julius Caesar. Mwalimu Nyerere kaitafsiri, ilitoka 1963 akaja akairudia 1969, na mwaka huo huo ikatoka na Mabepari wa Venisi. Soma ile hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, Kiswahili kwanza halafu Kiingereza chake, uone anavyowasifu wauaji kuwa ni watu waungwana, anarudia, anarudia tena, mpaka sifa inageuka kuwa shutuma na watu wanainuka kwenda kuchoma majumba. Mtu aliyekulia Zanzibar na taarabu ya mipasho hapo hahitaji kuelezwa mara mbili.

---

kijana_wa_darajani

Hongera dada. Mie ntasema upande wa riziki kwa sababu nipo kwenye ofisi inayopokea maombi ya kazi na nayaona kila siku.

Tangazo la kazi lililoandikwa "anatafutwa mtu aliyesoma fasihi ya Kiingereza" sijaliona. Nayaona ya mwalimu wa Kiingereza, mfasiri, mhariri, mtu wa mawasiliano, mtu wa mradi anayeweza kuandika ripoti ikasomeka. Hizo kazi aliyesoma fasihi anaziweza lakini lazma aonyeshe alichokwishafanya, cheti peke yake hakimsemei. Na kama una nia ya kuja kuajiriwa ualimu serikalini, fasihi tupu bila ya ualimu ndani yake itakuchelewesha, utaambiwa ukasome stashahada ya uzamili ya elimu na hio ni muda mwengine na ada nyengine. Ami yako anasema kwa ukali lakini mtu mzima kuulizia pesa ya familia inakwenda wapi ni haki yake.

Pia kabla hujathibitisha kitu kaa na suala la mkopo. Bodi ya Zanzibar na bodi ya Bara ni mbili tofauti, kila moja na masharti yake na fani inazozipa kipaumbele, isome miongozo ya mwaka huu kwa macho yako, usishike maneno ya mtu aliyeomba zamani.

---

msomaji_wa_malindi

Mdogo wangu mie nimeisoma hio fasihi, leo nafasiri na nahariri maandishi ya watu na ndo kazi inayonilisha. Aliyosema kijana wa Darajani ni kweli tupu, yachukue. Ila kuna kitu hakijasemwa.

Ami anaposema hadithi za Wazungu mwambie kuna mtu mmoja wa hapa hapa mjini. Abdulrazak Gurnah kazaliwa Zanzibar 1948, kaondoka kijana mdogo baada ya mapinduzi, kafika Uingereza akasoma, udaktari wake kauchukua Chuo Kikuu cha Kent 1982, akasomesha pia Kano Nigeria, kisha akarudi Kent akasomesha fasihi mpaka kustaafu. 2021 akapewa Nobel ya fasihi. Watu wanaishika Nobel wanasahau kwamba kazi yake ya kila siku miaka yote hio ilikuwa ni hii hii anayotaka kwenda kuisoma huyu binti.

Sasa nkupe mfano wa darasani ujue kinasomwa nini. Tulikuwa tunasoma Paradise, riwaya ya Gurnah ya 1994, ile iliyofika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Kijana anaitwa Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri mmoja, tajiri anamchukua mtoto, mtoto anamwita ami Aziz na kumbe si ami wala nini, yeye mwenyewe ndo rehani ya lile deni. Anakua, anapelekwa safari ya bara na misafara ya biashara, anarudi, na karibu na mwisho mke wa tajiri, jina lake Zulekha, anamtaka. Yusuf anakimbia, anashikwa shati kwa nyuma, linachanika. Darasani wenzetu wengine waliona shati limechanika basi, wakageuza ukurasa. Sie tuliosoma chuo cha Kurani, kwa maalim na msahafu mbele, tukatizamana. Sura ya 12, ya Nabii Yusuf, hakuna asiyeijua, kanzu ikichanika mbele mwanamke kasema kweli, ikichanika nyuma yeye ndo mwongo, na yake ilichanika nyuma. Mwalimu akatuwacha tueleze, darasa zima likatusikiliza sisi.

Lakini kazi haikuishia kwenye kutambua, hapo ndo ilianza. Mwalimu akauliza, sawa, kaichukua Sura Yusuf, kaibadilisha wapi? Maana Nabii Yusuf anatoka gerezani anapewa khazina za Misri, anaonana na baba yake, anasamehe ndugu zake. Yusuf wa Gurnah hapati lolote katika hayo. Wazee wake harudi kuishi nao, khazina hapewi, na ukurasa wa mwisho anakimbilia nyuma ya jeshi la Wajerumani lililokuwa linapita likikamata watu. Kwa nini mwandishi kaishika hadithi tunayoijua kwa moyo halafu kaiondoa faraja yake? Mtu mmoja akasema ni ukoloni, unapoingia hakuna anayefunguliwa, mwengine akasema hapana, utumwa wa deni ulikuwepo kabla ya Mjerumani na mwandishi hataki kutuacha tujisafishe. Tulibishana mpaka muda ukaisha na bado mie nabishana na rafiki zangu mpaka leo. Kimetafsiriwa kwa Kiswahili sasa, na Ida Hadjivayanis, kinaitwa Peponi, kimetoka 2022, kakitafute baba'ko akisome na yeye.

Na sio kwamba ukisoma vya kwetu vya wengine huvihitaji. Kwenye By the Sea, riwaya yake nyengine Gurnah, mzee Saleh Omar anateremka Gatwick na kijisanduku cha udi, afisa wa uhamiaji anakichukua ule udi unabaki kwake, na sisi tunaojua nyumba inavyonukia chetezo kikipita tunaelewa kanyang'anywa nini. Lakini mzee huyo huyo anampenda Bartleby, karani wa hadithi ya Mmarekani Herman Melville ya 1853, karani wa New York anayekataa kila anachoambiwa kwa adabu kabisa. Mtu wa pwani yetu anajiona kwa karani wa New York. Ukimjua Bartleby kitabu kinafunguka mlango mwengine.

Kwa baba jibu hivi. Juzi juzi mzee mmoja wa shamba kaniletea mkataba wa kukodisha ardhi yake ya ufukweni, Kiingereza mwanzo mwisho, anatakiwa atie saini. Ndani yake kulikuwa na sentensi moja ndefu kama ile ya askari wa Macbeth, na katikati yake imejificha kwamba muda ukiisha mpangaji anaweza kuongeza mwengine kwa kodi ile ile bila ya kumuuliza mzee. Aliyemsomea mwanzo hakuiona, kasoma maneno yote na kayafahamu moja moja. Mie niliiona kwa sababu nimefundishwa kuuliza kila sentensi, nani anafanya, nani anafanyiwa, na nini hakikutajwa. Mzee akarudi nao, wakaibadilisha. Hio ndo "halafu" yake.

---

binti_wa_wete

Wallahi sikutegemea majibu kama haya, Mungu akulipeni. Maalim nimefanya ulivyoniambia, nimemshika Macbeth nikaruka mpaka kwenye kitendo, nikakipata, nikarudi nyuma. Nimeisoma kwa sauti ukumbini mdogo wangu ananitizama.

Lile la mama sasa. Yeye hasemi kuhusu kazi. Kaambiwa na jirani kwamba kwenye fasihi wanasomeshwa vitabu vyenye mambo ya zinaa na kumkana Mungu, na mtoto wa kike akenda Dar peke yake na vitabu hivyo atarudi mwengine. Mama yangu si mtu wa kupiga kelele, kalisema mara moja tu na kanyamaza, na mie siwezi kuondoka nyumbani na yeye ana dukuduku moyoni. Nimwambie nini ambacho ni kweli?

---

bi_mkubwa_wa_chake

Mwanangu mie ni mama wa watoto wakubwa na nimesomesha skuli za Pemba mpaka nimestaafu, basi niruhusu nisimame upande wa mama'ko kidogo. Usimwambie kwamba vitabu hivyo havina mambo hayo, kwa sababu vinayo. Akija kugundua hatokuamini tena. Mwambie vinayo, na mwambie yamo vipi.

Kwenye Othello ya Shakespeare mwanamke anauliwa na mumewe kwa fitina ya mtu mmoja na kitambaa kimoja cha mkononi. Kuna tuhuma ya zinaa kutoka mwanzo mpaka mwisho na zinaa yenyewe hakuna. Mtu akikisoma vizuri kile kitabu anajifunza fitina inavyotembea, neno moja leo, kunyamaza kesho, hata aliyefitinishwa anadhani kafikiri mwenyewe. Ni jambo ambalo majumbani mwetu limevunja ndoa ngapi. Na mwambie mama hata hio Sura Yusuf aliyoitaja bwana hapo juu, Mwenyezi Mungu mwenyewe kaiita ahsanal qasas, nzuri ya visa, na ndani yake kuna milango iliyofungwa na mwanamke anayemwita mwanamme. Kinachotazamwa ni kisa kimepelekwa wapi na msomaji kakaa nacho vipi. Wewe una sala zako na una malezi, hakuna mwalimu wa fasihi atakaekulazimisha ukubaliane na mtu aliyemo kitabuni, atakutaka umuelewe na utoe ushahidi.

Halafu niseme na ami. Mie kitabu kilichonishika kuliko vyote ni Mansfield Park ya Jane Austen, ya 1814, na nilikisoma hapa hapa Chake, msimu wa karafuu, majamvi yamejaa nje na harufu inaingia mpaka ndani. Kitabu cha nyumba kubwa Uingereza, wasichana, michezo ya kuigiza, posa, mtu anaweza kusema haya yananihusu nini. Mwenye nyumba anaondoka muda mrefu kwenda Antigua, ana mashamba yake huko, na akirudi yule binti maskini aliyelelewa pale, Fanny, anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa, na nyumba nzima inanyamaza kimya. Mstari mmoja tu, na kitabu kinaendelea na mambo ya posa. Mhakiki Edward Said kauandikia kurasa nyingi 1993 ukimya ule, kwamba ile starehe yote ya nyumba inalipwa na mashamba yasiyoonekana. Sasa nani ataelewa shamba na starehe na kimya kuliko mtu wa Pemba? Hii mikarafuu tunayochuma nani waliipanda karne ya 19, na walikuwa wanalipwa nini? Soko la watumwa Unguja limefungwa 1873, kanisa la Mkunazini limejengwa pale pale lilipokuwa, na utumwa wenyewe kisheria haukuondoshwa visiwani mpaka 1897. Ni majumba mangapi yetu yanalizungumza? Nilipomaliza kile kitabu nilimuuliza marehemu mama yangu masuali ambayo sikuwahi kumuuliza. Hio pesa ya karafuu haipotei ikienda huko, ami yako aambiwe hivyo kwa heshima.

Dar ni mji mkubwa, khofu ya mama kwa hilo mie siipuuzi. Mtafutie jamaa atakaekupokea, na ukifika mpigie kila siku.

---

wa_mwaka_wa_pili

Mie ndo nipo huko sasa hivi, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, natokea Mkoani, kwa hio nkwambie maisha yalivyo.

Kwanza hofu ya kwamba ni Wazungu watupu iondoe. 1968 pale Chuo Kikuu cha Nairobi mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe, ije fasihi ambayo Afrika iko katikati na nyengine zote zinaizunguka, na athari yake ipo mpaka leo Afrika Mashariki, hapa kwetu ni Idara ya Fasihi, haiitwi ya Kiingereza. Utamsoma Achebe wa Nigeria, utamsoma Okot p'Bitek wa Uganda na shairi lake la Lawino, fasihi simulizi ipo, na Shakespeare yupo. Heart of Darkness ya Conrad, kisa cha safari ya Kongo, tumeisoma pamoja na mhadhara alioutoa Achebe Marekani 1975 kuishambulia kwa ubaguzi, nusu ya darasa na Achebe nusu na Conrad na kila mtu aje na kurasa zake, hakuna kusema "mie nahisi" hapa.

Kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza si Kiingereza jamani. Ni insha. Tumetoka sekondari tumezoea dhamira, wahusika, ujumbe, unazitaja moja moja unapata maksi. Huku ukileta hivyo inarudi na maandishi mekundu pembeni, "unasimulia, huchambui". Wanataka uwe na hoja yako moja inayoweza kubishiwa, uchukue kipande kidogo cha kitabu, mistari miwili mitatu, uonyeshe maneno yale yanafanya kazi gani na yanaunga vipi hoja yako. Mfano aliotoa kaka wa Malindi wa shati ndo insha yenyewe ile, mpaka pale alipouliza kwa nini faraja imeondolewa. Bibie wewe mwenye kuuliza kwa nini mwandishi kamnyamazisha mtu, hio unayo tayari, utapata shida kwenye kuipanga tu.

Kusoma ni kwingi kweli, na ukiwacha vikakurundikia hutoki. Mie nasoma alfajiri baada ya sala kabla bweni halijaamka. Vitabu vya zamani kama Shakespeare, Austen, Conrad viko kwenye tovuti ya Project Gutenberg bure na halali, unashusha mara moja bando ikiwepo unasoma bila ya mtandao, na LibriVox wana vya kusikiliza. Vya karibuni ndo tatizo, Gurnah na wenzake, maktaba nakala ni chache mnagombania, kwa hio mkigundua orodha ya muhula jipangeni watu watatu wanne kila mmoja anunue kimoja mzungushe.

Na kuhusu ajira, mie nimechukua masomo ya ualimu pembeni, ipo njia ya kusoma fasihi ndani ya shahada ya ualimu. Angalia barua yako ya udahili vizuri imeandika nini, wengine wanadhani wamechaguliwa fasihi tupu kumbe ualimu umo.

---

kijana_wa_darajani

Hapo kwa mwaka wa pili nakubali mia kwa mia. Dada fungua barua utuambie.

---

binti_wa_wete

Nimefungua. Ya Dar ni fasihi tupu, ualimu haumo. Ya Unguja ni ualimu, somo la kusomesha Kiingereza, na fasihi imo ndani yake ila si nyingi.

Usiku wa jana nilimsomea baba maneno ya ule mkataba wa ardhi. Alinyamaza halafu akaniuliza yule mzee ni wa wapi, nikamwambia sijui, akasema hata hapa kwetu watu wametia saini vitu. Kasema niende Dar nikitaka, ila nimuahidi kuwa nikimaliza na kazi haijapatikana ntasoma huo ualimu wa juu bila ya kubisha, na nimemuahidi. Mama nimemwambia kama alivyosema Bi Mkubwa, kwamba yamo. Kaniuliza hicho kisa cha kitambaa kilikuwaje, nikamuhadithia Othello yote, alikasirika na Iago, yule mfitini, mpaka akaacha kupepeta mchele. Hajasema ndio, lakini kaniuliza mabweni ya wanawake yakoje. Ami bado.

Nathibitisha Dar inshallah. Wa mwaka wa pili hebu mjibu mama kuhusu mabweni. Na Bi Mkubwa, hicho cha Mansfield Park nimekishusha kwenye simu lakini macho yananiuma, kuna mahali Pemba naweza kukipata cha karatasi?

---

wa_mwaka_wa_pili

Mwambie mama mabweni ya wasichana ni mbali na ya wavulana, mgeni wa kiume haingii, na wasichana wa visiwani tunajuana wote, Ramadhani tunafuturu pamoja. Ila nafasi hazitoshi, omba mapema siku ile ile dirisha la malazi linapofunguliwa, usingoje kufika ndo uulizie.

---

bi_mkubwa_wa_chake

Changu kipo, kina mistari ya penseli pembeni lakini kurasa zote zimo. Mwambie baba'ko siku akija Chake akulete nyumbani, na huyo ami mje nae, ntakaa nae mie.